Namsifu aliyezima kamera

Jamani, Namsifu? Namsifu huyu huyu aliyenipigia Jumapili akinicheka eti naogopa baridi ya milimani? Kaka yake anasema presha ilipanda ghafla, akafariki. Nimesikia, ila kichwa kimegoma.

Wengi mnamjua kwa kucheka. Mimi nawaambia siku aliyokasirika.

Tulikuwa wote kwenye utafiti wa watu wenye usonji wasioongea. Yeye kamera, mimi laptop. Tukapanda milimani, juu kabisa ya Ndungu, kwa dada mmoja mtu mzima asiyeongea. Jina silitaji, Namsifu angefufuka anichape.

Mama wa huyo dada alitupokea kwa makande na chai. Wageni wameletwa na mwenyekiti wa kitongoji, utawakataliaje? Akakubali kila kitu.

Yule dada akaokota viatu vyetu mlangoni, akavipanga nje vikielekea njia ya kushukia. Supervisor wetu, tuliyepanda naye, akacheka. "Andikeni hiyo, tabia ya kupangapanga."

Tukaanza kurekodi. Dada akaziba masikio, akaanza kujipiga kichwani. Namsifu akashusha kamera.

"Endelea," supervisor akamwambia, "hiyo ndiyo data tuliyoifuata. Consent tunayo."

"Ya mama. Mwenyewe alishakataa."

"Amekataaje? Si haongei!"

"Viatu vyako vinaelekea wapi, bosi?"

Namsifu akazima kamera, nami nikafunga laptop.

Mama wa watu akaanza kuomba radhi, amejaa aibu kama aliyefukuza wageni. Namsifu akapiga goti mbele yake. "Mama, hujatufukuza. Tumekula, tumeshiba, tunashuka kwa amani."

Mkataba wake haukuongezwa. Hakulia. Kila tukionana aliuliza jambo moja tu: "Kile kipande cha video wamekifuta?" Ofisi ikawa inajibu kitafutwa, kitafutwa.

Leo, katikati ya salamu za pole, supervisor kaniandikia. Kipande wanakitaka kwa ajili ya mkutano, na "sasa hakuna wa kulalamika."

Yupo wa kulalamika, bosi. Tukishamzika napanda kwa yule mama, nimweleze kwamba ana haki ya kudai kifutwe, na akiridhia naongozana naye hadi kamati ya maadili ya utafiti. Sisi Wapare si mnatutania kwamba kwa kesi ya kuku tunauza ng'ombe? Ng'ombe sina, ila miguu ninayo.

Namsifu, mwenzangu, nimekupenda sana. Wewe lala. Kesi hii nimeichukua mimi.