Ziwa Nililolikataa

Uji wa Bi Zuhura ulianza kunukia kabla haujachemka. Kwanza ilikuja harufu ya hiliki iliyopondwa pamoja na maganda yake, kisha ya tui la nazi likipata moto, na mwisho pilipili manga, ambayo ilinikuna puani hata nikiwa chumba cha pili nafunga vifungo vya sare ya skuli. Tulikaa Malindi ya Unguja mjini, vyumba viwili vya juu katika jumba la zamani lenye ngazi za mawe zilizolika katikati, na honi ya boti ya asubuhi iendayo Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa saa yetu. Ikilia, Bi Zuhura alisema, "Haya, wasafiri washaondoka, na nyinyi ondokeni," nasi, mimi na mwanawe Nassor, tukaumalizia uji mbiombio huku ndimi zikiungua. Naikumbuka sufuria ile, imebonyea upande mmoja, na mwiko wake uliokuwa mweusi mkiani. Naikumbuka zaidi kwa miezi ya mwisho, nilipokuwa nikikaribia miaka kumi na miwili, nilipojua kwamba asubuhi hizo zina idadi.

Bi Zuhura hakunizaa. Nililijua hilo tangu nilipojua jina langu, kwa kuwa hapana aliyenificha. Nilizaliwa Chwaka, na nilipokuwa na mwaka mmoja na nusu mama yangu aliugua akalazwa kwa muda mrefu. Shangazi yangu aliyeolewa mjini alikuwa na shoga yake, ndiye Bi Zuhura, ambaye wiki chache nyuma alikuwa amemzika mtoto wake mchanga wa kike. Walinipeleka kwake nikae mwezi mmoja. Mwezi ukawa mwaka, na mwaka ukawa miaka kumi. Mama alipopona alikuta nimeshazoea, halafu wakafuata wadogo zangu wawili, na jambo likabaki kama lilivyo. Mume wa Bi Zuhura alifariki nikiwa na miaka minne, tukabaki watatu. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mimi nilikuwa na mama wa kila kazi, mmoja kila upande wa kisiwa: huyu nilimwita Mama Zuhura, na yule nilimwita Mama wa Chwaka. Nilipokwenda huko siku za sikukuu, Mama wa Chwaka aliniita "mwana wangu", nami nilimwitikia "naam" kwa adabu, kama aitikiwavyo mgeni.

Kiingereza tulisomeshwa na Maalim Makame, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Siku moja alitupa sentensi kumi tuzitafsiri, na moja ilisema kitabu kimo ndani ya mtoto wa meza. Neno la Kiingereza la kile kisanduku cha kuvuta nilikuwa silijui, lakini "mtoto" nililijua ni "child" na meza niliijua. Nikaandika kwamba kitabu kimo ndani ya mwana aliyezaliwa na meza. Maalim aliisoma kwa sauti, akavua miwani akacheka. "Na baba yake nani, kabati?" aliuliza Tatu, msichana niliyekaa naye dawati moja, na tangu siku hiyo jina langu skuli likawa Mtoto wa Meza. Nilirudi nyumbani nikilia. Bi Zuhura alikuwa akishona kofia, kazi iliyokuwa ikitulisha, na hakuinua macho kwenye viua vyake. "Wamekucheka bure," alisema. "Meza haizai. Fundi humchonga mtoto wake mbali, kisha akamtia mahali pake. Akishaingia sawasawa, nani atamuuliza kazaliwa wapi?"

Lakini waliokuwa wakiuliza walikuwapo. Nassor alikuwa ameanza kuota ndevu na mimi nilikuwa nimeanza kufunga mtandio bila ya kuambiwa. Shangazi alikuja siku moja, akakaa na Bi Zuhura mlangoni, na nikasikia neno maharimu likitajwa mara nyingi. Nassor hakuwa ndugu yangu kwa damu. Kwa sheria ya dini angeweza hata kunioa, na kwa hiyo haikufaa tuendelee kuishi katika vyumba viwili kama ndugu. Baba yangu alikuwa ameshaamua: skuli zikifungwa, atakuja kunichukua. Hapana aliyesema kwa ukali. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Nilianza kuhesabu asubuhi kwa honi ya boti.

Wiki mbili kabla ya kufunga, tulisoma hadithi ya Kiingereza juu ya yatima, na ndani yake mlikuwa na neno "foster". Maalim Makame aliliandika ubaoni kwa chaki, akalipigia mstari. "Foster mother," alisema, "ni mama wa kunyonya. Ndivyo vinavyoandika vitabu vyetu vya dini vilivyo kwa Kiingereza. Yule asiyekuzaa lakini kakunyonyesha." Niliinua mkono nikauliza: na aliyekulea tu? "Ni huyo huyo," alinijibu, maana kengele ilikuwa imeshagongwa. Maalim hakujua alichonipa. Kwetu sisi, waliochangia ziwa moja ni ndugu kama wa tumbo moja. Hawaoani, na hapana ubaya wakiishi nyumba moja. Ikiwa Wazungu wana neno moja kwa aliyelea na aliyenyonyesha, nilijiambia, basi Bi Zuhura ni mama yangu wa kunyonya na Nassor ni ndugu yangu. Neno lile nililiweka moyoni kama hati ya nyumba.

Baba alikuja Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, na shangazi akiwa nyuma yake. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba, akakaa jamvini. Alipomaliza kahawa aliniambia, "Mwanakheri, kusanya vitu vyako, mwanangu."

"Baba, sondoki," nilisema. "Maalim kasema Mama Zuhura ni foster mother wangu. Mama wa kunyonya. Basi Nassor ndugu yangu."

"Fosta ndiyo nini tena?" shangazi alidakia. "Hiki Kiingereza kitatutoa roho mwaka huu!"

Baba hakucheka. Aliweka kikombe chini, akamgeukia Bi Zuhura. "Bi Zuhura, hili mimi silijui. Ulimnyonyesha? Maana kama alinyonya kwako zile mara tano za sheria, na miaka miwili hajatimiza, basi hiyo habari nyengine. Nitarudi peke yangu leo hii."

Sindano ya Bi Zuhura ilisimama. Nassor alikuwa mlangoni. Mashahidi wa siku zile hawakuwapo: mumewe alikuwa kaburini, na mama yangu wakati ule alikuwa amelazwa hospitali. Neno moja tu la ndiyo, na ningelala pale usiku ule na kila usiku.

"Maziwa nilikuwa nayo," alisema. "Yalikuwa yakinitoka mpaka yananirovya nguo, na wa kuyanyonya nshamzika. Siku waliyomleta nilimpa ziwa, akaligeuzia uso. Siku ya pili nikampa, akaligeuzia uso. Akawa analilia uji. Nikampikia uji."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, Bwana Vuai. Siwezi kusema uongo kwenye jambo la Mungu." Kisha akainuka kwenda kunikunjia nguo, na sindano aliyoibana mdomoni akaisahau hapo, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya.

Nilimchukia yule mtoto wa mwaka mmoja na nusu kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Angefumbua kinywa mara tano tu, nisingeondoka. Asubuhi iliyofuata nilikuwa Chwaka, hapana honi, pana sauti za wanawake wakishuka pwani kwenye mwani, na Mama wa Chwaka ananiwekea mbele bakuli la uji wa muhogo alioamka mapema kunipikia. Ulikuwa hauna hiliki. Niligeuza uso. Halafu nikamwona amesimama, mikono ameikunja kwenye kanga, akitazama bakuli na si mimi, nikajua nafanya tena kile kile nilichomfanyia mwenzake. Uchungu wa mwana aujua mzazi, husemwa, na mimi naamini; lakini siku ile niliuona uchungu huo ukiwa kwa wanawake wawili, nami ndiye niliyewatia wote. Nilikunywa uji wote. Nilijifunza kumpenda mama yangu taratibu, kama mtu anayejifunza lugha ukubwani, na nilimpenda kweli hadi alipofariki.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nafanya kazi ya kutafsiri nyaraka, nililitafuta neno lile katika kamusi kubwa ya Kiingereza inayoeleza maneno yalikotoka. Kabla ya kuwa malezi, iliandikwa, asili yake ya kale ilikuwa chakula. Sikuona ziwa wala damu pale, niliona chakula. Nilikaa na ukurasa ule wazi mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nimepata habari mbaya.

Jumba la Malindi sasa ni hoteli, na ngazi zake zimetiwa vigae. Nassor ana familia yake Maskati. Bi Zuhura anakaa kwangu Fuoni, na mwaka huu macho yake yote mawili yaliota mtoto wa jicho. Nilimpeleka hospitali, tukapewa fomu ya Kiingereza ya madaktari wageni, na muuguzi mmoja kijana akawa anatusaidia kuijaza.

"Bibi, huyu nani wako?"

"Mtoto wangu."

"Wa kumzaa?"

"Wa kumlisha."

Muuguzi alicheka. "Hapa pana child na pana nyengine, Bibi. Wa kumlisha hapana."

"Basi andika hicho cha mwanzo," alisema Bi Zuhura. "Nimekuja na watoto wawili leo, huyu na wa jicho. Wa jicho mtoeni. Huyu niachieni."

Jioni ile, jicho moja likiwa limefunikwa bandeji na la pili bado lina ukungu, nilimpikia uji. Nilitia hiliki na maganda yake, tui, pilipili manga, kila kitu kama alivyokuwa akitia, na bado haukunukia kama wa Malindi. Sufuria zangu hazijabonyea, na jikoni kwangu haifiki honi ya boti. Nilijaza kijiko, nikakipuliza, nikakipeleka mdomoni mwake.

"Pilipili manga umeionea choyo," alisema.

Kisha akafumbua kinywa tena. Hakugeuza uso.