Waya Ambao Sikuufuata

Siku yangu ya kwanza kazini Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinipa balbu ndogo yenye nyaya mbili, tuliyoiita taa ya kupimia, akanisimamisha mbele ya lori bovu pale karakana ya Tukuyu. Mvua ilipiga bati kwa nguvu, ikabidi apaze sauti.

"Dereva atakwambia uongo," alisema. "Utingo naye atakwambia uongo. Hata mimi naweza kukudanganya. Gusa waya. Taa ikiwaka, umeme upo. Isipowaka, haupo. Mengine yote ni maneno."

Nilikuwa kijana, nikayameza mazima mazima. Ninyi mnaoanza ufundi leo, mnaosoma makosa ya gari kwenye simu, nipeni nafasi niwaambie yalinifikisha wapi.

Umeme wa lori la dizeli la zamani si mgumu. Injini ikishawaka huendelea yenyewe bila umeme, lakini kuiamsha kunahitaji nguvu. Betri mbili za volti kumi na mbili zinafungwa kwa mfululizo, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, zitoe volti ishirini na nne za kuzungusha stata. Injini ikiwaka, mkanda huzungusha altaneta, nayo huzirudishia betri chaji yake. Umeme unakwenda kwa nyaya, ila unarudi kwa chuma cha gari, yaani chesisi. Kutoka kwenye chesisi kuna waya mmoja mnene unaourudisha kwenye hasi ya betri. Tuliuita waya wa bodi. Ukilegea huo, gari zima linakuwa na mapepo: unakanyaga breki, indiketa inawaka.

Kutoka Tukuyu nilikwenda Kiwira, kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na malori ya kubeba makaa. Huko Msimamizi wa Karakana alinifundisha kuchora alama ya siri kwa msumari chini ya kila betri, maana wapo madereva waliouza betri mpya na kurudisha kuukuu. Niliwanasa wawili. Sifa zikanipanda kichwani. Nikaanza kumwangalia kila dereva kama mwizi ambaye sijamkamata bado, na ukweli niuseme, nilifurahia.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa kiwanda kimoja cha chai, chini ya Meneja wa Usafirishaji, mtu wa maneno machache. Ndipo nilipokutana na Ambakisye. Alikuwa amenizidi miaka michache, mpole, na aliendesha lori kuukuu kuliko yote pale. Lilikuwa linalala nyumbani kwake Nkunga ili alfajiri aanze kukusanya majani mabichi ya wakulima.

Masika moja lori likaanza kugoma asubuhi. Ambakisye akawa analiegesha kwenye mteremko ili aliwashe kwa kuliachia lishuke. Majani yakachelewa, mengine yakaungua kwa joto la kubanana ndani ya magunia, wakulima wakalalamika. Nikazichaji betri karakanani, zikajaa vizuri. Nikapima kwa taa yangu, waya mmoja kwenye chanya, mwingine kwenye hasi, ikawaka kama jua. Siku mbili tu, zimekufa tena.

"Fundi, angalia vizuri," Ambakisye aliniambia. "Hata taa za mbele zinafifia nikikanyaga breki. Gari linaumwa hili."

"Betri ni nzima, kaka. Nimezipima mwenyewe."

"Sasa zinakufaje?"

"Hilo ndilo nataka unijibu wewe."

Alama zangu za msumari zilikuwepo, kwa hiyo hakuwa amezibadilisha. Basi nikaamua anazitumia nyumbani. Nilijua watu waliowasha redio na taa kwa betri ya gari usiku kucha. Jumamosi moja nikapanda hadi Nkunga bila taarifa. Yeye hakuwepo. Mkewe alinipokea kwa furaha, akinishukuru na kuniita baba kwa kilugha.

"Ndaga, tata, karibu ndani! Fundi wa lori letu huyu!"

Akaniwekea ndizi za kupika na maziwa mgando. Nikala nikashiba huku macho yangu yakiwa dirishani. Pale palipita waya mweusi kutoka kwenye taa ya sebuleni, ukatoka nje kuelekea migombani, upande uleule lori lilikokuwa limeegeshwa. Sikuinuka kuufuata. Nilikuwa nimeshaona nilichokuja kukiona.

Jumatatu nikasimama mbele ya Meneja.

"Una uhakika?" aliuliza.

"Nina uhakika, bosi."

"Mtu ana watoto wanne wanasoma. Nakuuliza tena."

"Waya nimeuona kwa macho yangu."

Ambakisye alisimamishwa kazi siku hiyo, barua ya kumfukuza ikasubiri sahihi mwisho wa wiki. Betri nikazichaji upya, lori akapewa dereva mwingine, likawa linalala getini kwa mlinzi. Jumatano asubuhi liligoma.

Nikachukua mita ya kupimia volti, na safari hii waya wake wa hasi sikuushika kwenye betri. Niliushika kwenye chesisi. Dereva alipopiga stata, volti zilianguka karibu zote. Nikalala chini kwenye tope, nikafungua bolti ya waya wa bodi. Chini ya kichwa cha ule waya palikuwa na rangi nyeusi, nzito, safi, na kutu imeanza kuota pembeni. Umeme ulikuwa hauna njia nzuri ya kurudi. Ndiyo maana altaneta haikuzijaza betri, na ndiyo maana taa yangu ilinidanganya: kwa kuishika kwenye betri yenyewe nilikuwa nimeuruka ugonjwa.

Rangi ile niliipaka mimi. Kwa mvua zetu za Rungwe chuma kikiachwa wazi hakikai, kwa hiyo chesisi ilipochomelewa kabla ya masika niliipaka pote kwa mkono wangu, maana sikumwamini mtu mwingine na brashi. Kisha nikafunga waya juu ya rangi bila kupiga msasa hadi chuma kiwe cheupe.

Ningeweza kuisafisha na kunyamaza. Nilikaa chini ya lori lile muda mrefu nikilifikiria jambo hilo, sitawaficha. Halafu nikaenda ofisini na tope langu.

Meneja alinisikiliza hadi mwisho. "Kaandike," alisema. "Jina lako, kosa lako. Nami nitaichana ile barua ya Ambakisye." Nilishushwa cheo, nikaendelea na kazi.

Nilikwenda Nkunga mwenyewe kumpa Ambakisye habari. Kabla ya kubisha hodi niliufuata ule waya. Uliivuka migomba, ukapanda juu ya bati la jiko, ukaishia kwenye kipande cha sola kisichozidi ukubwa wa sinia.

Alirudi kazini. Hakunitukana, na mkewe aliniwekea chakula kama mwanzo, nikashindwa kula. Lakini tangu siku ile hadi ninastaafu, kila nilipomaliza kazi kwenye lori lake, Ambakisye alishuka mbele ya watu wote, akaingia chini, akaifungua bolti ya waya wa bodi, akatazama kama chuma ni cheupe, kisha akaifunga upya kwa mkono wake.

Nami nilipiga magoti pembeni, nikamshikia tochi.