Swali la Nne kwenye Fomu ya Mwalimu Barasa

Siku yangu ya kwanza benki, pale Nyeri, nilivaa viatu vya dada yangu vilivyonibana, na kabla ya saa nne asubuhi Meneja wa Mikopo alikuwa ameshanigombeza mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa kuchelewa. Mara ya pili ni kwa kumwuliza mzee mmoja wa Othaya, mbele ya mkewe, kama ana ugonjwa wa sukari.

"Muthoni, huyo si ni rika ya baba yako?" aliniambia pembeni. "Unamwulizaje maradhi yake bibi akisikia? Wewe weka alama kwa 'hapana', mzee atie sahihi, arudi kwa shamba yake ya kahawa."

Hivyo ndivyo nilivyofunzwa kazi. Nyinyi mnaojaza kila kitu kwa simu mtacheka. Mkopo wa nyumba ulikuwa na bima mbili. Ya moto ililinda jengo, nayo ilikuwa lazima. Ya pili, bima ya mkopo, benki yetu ilimwachia mteja aamue: ukifariki kabla ya kumaliza kulipa, kampuni ya bima inalipa deni lililobaki, na familia inabaki na nyumba. Kuipata ilibidi ujibu maswali ya afya, na sisi maafisa ndio tuliojaza majibu. Eti heshima! Heshima hiyo ilikuja kunitoa jasho.

Baadaye nilihamishiwa Kerugoya, chini ya Meneja wa Tawi aliyekuwa mpole mpaka wakaguzi wakaribie. Huko ndiko alikokuja Mwalimu Barasa, mtu wa Bungoma aliyefundisha hesabu, pamoja na mkewe, Mama Lilian. Walikuwa wamepata nyumba ya vyumba vitatu karibu na mji. Mama Lilian alichoka kuhamahama nyumba za kupanga na kukumbushwa kila mara kwamba wao ni watu wa kuja.

Mwalimu hakutaka hata kuisikia bima ya mkopo.

"Madam, hii kitu ni kunichimbia kaburi na bado niko mzima. Kila mwezi nikatwe pesa ya kifo? Hiyo sitaki."

"Na ukituacha, Baba Lilian?" mkewe akamkata. "Mimi niko na shamba gani hapa? Niko na ndugu gani? Benki ikitutoa na watoto, tutaenda wapi?"

Nilimweleza Mwalimu vile ningemweleza kaka yangu. Mtu asiye na wa kumtegemea, au mwenye mali nyingine ya kumaliza deni, anaweza kuiacha. Lakini nyumba yao ingelipwa na mshahara mmoja, na huo mshahara ni wake. Kisha akamtuma mkewe nje akatoe kopi ya kitambulisho, nikajua sasa atanifokea. Badala yake aliomba maji, akatoa kidonge kwenye bahasha ndogo ya hospitali, akameza.

"Ni presha," alisema. "Mama Lilian hajui. Huyo akijua hatalala. Haya, jaza hiyo bima yako."

Mkewe akarudi, akaketi. Swali la nne liliuliza kama mteja ana presha. Mwalimu alinitazama, mimi nikamtazama mkewe, na kalamu yangu ikaenda kwa "hapana" kabla sijafungua mdomo. Mungu anisamehe. Mwalimu akatia sahihi.

Mwaka wa tano wa mkopo, Mwalimu Barasa alianguka darasani, hakuamka tena. Mama Lilian alikuja akaketi kwenye kiti kile kile, nami nikamwambia asiogope, bima ipo. Wiki chache baadaye kampuni ya bima ikajibu: rekodi za hospitali zinaonyesha marehemu alikuwa na presha tangu mwanzo, na kwenye fomu alikana. Hatulipi. Mwandiko ule ulikuwa wangu.

Nilimwendea Meneja wa Tawi. Tuliuza bima ile kwa niaba ya kampuni ya bima, kwa hivyo aliloniambia Mwalimu ni kama aliwaambia wao. Nilitaka kuwaandikia hivyo.

Alifunga mlango. "Muthoni, umebakisha miaka michache ustaafu. Ulijaza kile ulisikia. Sawa?"

"Bwana Meneja, nilimwona akimeza dawa."

"Nani mwingine aliona?"

"Hakuna."

"Basi hakuna kitu ilionekana."

Siku tatu nilikwenda kazini kama kawaida. Benki ilikuwa imeshamtuma mtu kukadiria bei ya nyumba ili iuzwe, na nilisikia alimkuta Mama Lilian akifua nguo za watoto uani. Siku ya nne niliandika barua na kuipeleka kampuni ya bima kwa mikono yangu. Walibishana wee, mwishowe wakalipa deni lote. Mimi nilivuliwa uafisa nikatupwa kaunta huko Timau, kwenye baridi ile, na nikastaafu bila hata keki.

Sasa nimekuwa nyanya, na vijana huniuliza, "Shosho, hii bima iko na maana ama ni kuliwa pesa?" Nawaambia: kama kuna watu watakaofukuzwa nyumbani siku ukifa, nunua. Lakini fomu ujaze mwenyewe, na useme ukweli, hata bibi akiwa ameketi hapo.

Wiki niliyostaafu nilipitia Kerugoya kumsalimia Mama Lilian. Nyumba ameipaka rangi. Alishajua kwamba mumewe alimficha presha. Hakujua kwamba mimi nilijua. Nikamsimulia yote, kidonge na swali la nne, na sitadanganya, nilitarajia asante.

Aliweka chini chupa ya chai.

"Kwa hivyo siku hiyo, ungeuliza tu, ningesikia?"

"Ungesikia."

"Miaka mitano, Madam," alisema. "Ningempikia bila chumvi. Ningempeleka kliniki mimi mwenyewe."

Kisha akanimiminia chai, kwa sababu nilikuwa mgeni wake.