Jina Moja Tu

Jumamosi ya tarehe 17 Septemba 1977, Edwin Stobbs alishika nafasi ya pili katika maonyesho ya liki, mboga ndefu za jamii ya vitunguu, kijijini Eshwick, kaskazini mwa Uingereza. Aliyemshinda ni jirani yake katika bustani za kukodi, Walter Hindmarsh, aliyepata kuwa kocha wa timu ya taifa.

Stobbs alikuwa fundi wa pampu mgodini, mtu wa maneno machache. Hindmarsh alikuwa mtu ambaye nusu ya nchi bado ilimlaani kwa kumweka nahodha benchi katika mechi iliyowanyima Kombe la Dunia. Sababu hakuwahi kuitoa hadharani. Aliitoa mara moja tu, au ndivyo Stobbs alivyoamini, wakiwa wamepiga magoti wakipalilia liki.

"Eddie, nilimwogopa yule kijana. Basi," alimwambia Stobbs.

Stobbs akaendelea kung'oa magugu. Tangu siku hiyo wakawa marafiki.

Mwaka uliofuata ikatoka riwaya. Kocha wa humo alipewa jina jingine, lakini Eshwick hakuna aliyedanganyika. Na ndani yake kocha huyo alisema: "Nilimwogopa." Hindmarsh alikumbuka kumwambia mtu mmoja tu maneno hayo: Stobbs. Kufikia Ijumaa, kijiji kizima nacho kilijua.

Stobbs akiingia kilabuni, mazungumzo yalikatika.

"Chungeni ndimi zenu, wazee," alisema Clem Tulip, katibu wa klabu ya liki. "Mwandishi anaagiza bia."

"Mimi hata barua ya shangazi inanishinda, Clem."

"Ndiyo maana siri ya Walter ukaipeleka kwa mdomo."

Majuma mawili kabla ya maonyesho, kamati ya Eshwick hupiga mihuri kwenye liki zikiwa bado ardhini, zisije zikabadilishwa. Kuanzia hapo wakulima huzilinda wawili wawili, maana kisu cha mwenye kijicho hakibishi hodi. Mwaka huo hakuna aliyetaka kulinda na Stobbs. Hindmarsh alitia kufuli jipya kwenye kijilango cha kati ya bustani zao.

Stobbs akaanza kujishuku mwenyewe. Aliropoka siku gani? Kwa nani? Mwishowe akaenda maktaba kuazima kitabu hicho ambacho alikuwa amekwisha kuhukumiwa nacho bila kukifungua.

Kocha wa kitabuni hakuwa bustanini. Alikuwa jikoni kwake, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, na maneno yake yalikwenda mbele zaidi: "Nilimwogopa, na yeye alijua." Hilo la pili Stobbs hakuwahi kulisikia. Kumbe Hindmarsh alisema mara mbili, akasahau moja. Na jikoni kwa Hindmarsh aliishi mtu mwingine mmoja tu.

Jumapili akaenda kwenye uzio. Hindmarsh alikuwa akimwagilia. Mkewe, Audrey, alikuwa ameleta chai.

"Walter, kile kitabu nimekisoma."

"Hongera. Kazi yako umeionaje?"

"Sijaongea na mwandishi yeyote."

"Basi kaongea nani? Nitajie, Eddie. Jina moja tu, na kufuli hili nalifungua sasa hivi."

"Unaweka sukari, Bwana Stobbs?" Audrey aliuliza.

Miaka yote alimwita Edwin, na alijua hatumii sukari. Stobbs akamtazama. Alikuwa ameshika kijiko, anasubiri, naye hakuyakwepa macho yake. Kwa nini alisema? Kwa kulipiza kisasi, au kwa kutaka dunia imhurumie mumewe? Uso wake haukuonyesha lolote. Stobbs akamgeukia Hindmarsh, mzee aliyekwisha kukosana na wachezaji, na magazeti, na sasa na jirani, na ambaye jioni hiyo angerudi jikoni kule kule.

"Sina jina la kukupa," alisema.

"Nilijua tu."

"Chai yako, Walter," Audrey alisema.

Jumatatu asubuhi Stobbs alimkabidhi Clem Tulip ufunguo wa bustani, liki zake zikiwa bado ardhini na mihuri yake, akahamia kipande kingine ng'ambo ya reli, ambako watu hulima viazi.