Aliyekuwa Nyuma ya Marehemu

Dada yangu anaandika programu za kompyuta katika hospitali ya macho, na uaminifu wake unakera. Hata kalamu ya ofisi hawezi kurudi nayo nyumbani. Kwa hiyo madaktari wageni walipokuja kufanya upasuaji kwa wiki mbili, naye akapewa kazi ya kuita wagonjwa, nilijua jina la mama mkubwa, aliyetulea tangu mama afariki, halitasogezwa hata hatua moja.

"Akae kwenye foleni kama wenzake," aliniambia. Mama mkubwa alikuwa na presha ya macho. Akichelewa, angepofuka.

Programu aliyoiandika ilipitia orodha ya waliokuwa wakisubiri, jina kwa jina. Aliye hai akatumiwa ujumbe wa tarehe yake, aliyefariki akafutwa. Dada aliijaribu kwa majina ya kubuni, ikaenda vizuri. Ila katika majina yale hakuweka marehemu hata mmoja. Kisha akajizuia hata kuangalia kama mama mkubwa ameitwa.

Madaktari walipoondoka tulikwenda kumsalimia. Alinipapasa tumbo, akasema nimeota kitambi kabla ya kuota akili. Tukacheka. Halafu akamimina chai huku kidole chake kimo ndani ya kikombe, apate kujua kimejaa. Dada akamshika mkono ule.

"Mama, si ulifanyiwa upasuaji?"

"Sikuitwa."

Dada akafungua kompyuta pale pale mezani. Jina la thelathini na tisa lilikuwa la mzee aliyefariki. Programu ilipolifuta, mama mkubwa, aliyekuwa wa arobaini, akapanda nafasi ile ya thelathini na tisa. Programu nayo ikaendelea na ya arobaini, ambayo sasa ilikuwa ya mtu mwingine. Ikampita. Wagonjwa sita walirukwa hivyo, kila mmoja akiwa nyuma ya marehemu. Ilitakiwa tu kupitia nakala ya orodha, na kufuta kwenye orodha yenyewe. Mstari mmoja! Nilimkasirikia dada, kisha nikakumbuka kwamba hata mimi sikupiga simu kuuliza.

Dada alipiga magoti, akaeleza yote huku analia. "Kwa nini hukuniuliza, mama?"

Mama mkubwa alimtafuta kichwa kwa mkono mpaka akakipata.

"Nilijua umeniruka makusudi, watu wasije wakasema unabeba ndugu. Majirani wakiniuliza, nawaambia mwanangu ana msimamo. Nilijivunia sana."