Kipa Ndani ya Kofia

Kocha wetu ni fundi friji, na mtaani anaitwa Bwana Haki. Jina hilo alijitafutia mwenyewe kwa mdomo wake. Kila mwaka, kabla ligi ya mpira wa magongo haijaanza, anatukusanya wanawake wote tunaotaka nafasi, anaegemea gongo lake kuukuu na kutangaza, "Uwanjani mimi sina ndugu." Karakanani kwake anawaambia hayohayo wateja, hata aliyeleta pasi tu.

Mwaka huu ndugu alikuwepo. Mpwa wake, binti wa dada yake aliyefua nguo za watu ili kocha asomee ufundi, alikuja kujaribiwa ukipa. Nafasi ya kipa ilikuwa moja, maana klabu ina seti moja tu ya vifaa: pedi nene za miguu, kinga ya kifua, glavu kubwa kama mito, na kofia ngumu yenye wavu usoni. Ukishavaa vyote hivyo, hata mama yako mzazi hakujui.

Mshindani wake alikuwa Mama Pacha, kipa wetu wa siku zote. Alikuwa ametoka uzazi, na hakuna alichokitaka kama kurudi langoni. Watu walimwambia basi tena, umeshazaa, pumzika. Yeye alikuwa akiwalaza watoto kwenye mkeka uani, anapiga mpira ukutani na kuuzuia kwa mguu, mpaka majirani wakamchoka.

Siku ya mechi ya majaribio, tukicheza kwa lango moja, kocha akapanga: mpwa wake akae langoni kipindi cha kwanza, Mama Pacha cha pili. Kisha akaondoka kwenda kubishana na mlinzi wa uwanja aliyekuwa amefunga stoo ya vibendera. Huku nyuma Mama Pacha akamwambia binti, "Mdogo wangu, mama ananiletea watoto wakati wa mapumziko, watakuwa na njaa. Niachie nianze mimi."

"Hamna shida, dada," binti akasema, akabaki chumba cha kubadilishia nguo kungoja zamu yake.

Nani amwambie kocha? Kila mmoja alidhani mwenzake ameshamwambia. Timu yetu ndivyo ilivyo.

Kocha akarudi na vibendera vyake, filimbi ikalia. Kipa alikuwa moto siku hiyo. Tulimchapa mashuti ya karibu, akayatoa kwa mguu, akayatoa kwa glavu, moja akalitoa kwa kofia. Kocha hakukaa kitini. "Safi, mpwa wangu! Damu hiyo! Miguu ya dada yangu kabisa!" Tukacheka, tukidhani anatania. Bao moja lilipoingia alipiga kelele kwamba kipa amepigwa na jua la machoni. Jua lilikuwa mgongoni kwa kipa.

Mapumziko, wakati kocha anawafokea washambuliaji, makipa wakabadilishana vifaa chumbani. Kipindi cha pili mpira wa kwanza tu, mpira mlegevu ambao hata bibi yangu angeusimamisha, ukapita katikati ya miguu ya kipa. Kocha akaligeukia benchi, sauti juu.

"Si nilisema? Mtu akishazaa miguu inakuwa ya kuazima. Mwambieni akalee, hapa siyo kliniki!"

"Kocha," sauti ikatoka nyuma ya benchi, "mimi niko hapa."

Mama Pacha alikuwa amekaa chini, jezi imelowa jasho, mtoto mmoja ananyonya, mwingine yuko kwa bibi yake. Kocha akamtazama, akatazama lango. Binti alikuwa ameshavua kofia, uso umemwiva.

"Mjomba, ni mimi."

Mdomo uliponza kichwa. Kocha alinywea. Alishika filimbi, akaiachia, akaishika tena. Haikuwa aibu ya kuchanganya watu, hiyo ingeisha kwa kicheko. Alikuwa ameona haya kwa sababu wote tulisikia alichokuwa amekwisha kuamua kabla mpira haujapigwa. Binti naye alikuwa amesikia jinsi mjomba wake anavyomsema kipa asiye ndugu. Mimi mwenyewe niliona haya kwa niaba yake, nikainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa.

Mechi ilipokwisha alituita. "Kipa ni Mama Pacha," akasema huku akitazama nyasi. Hakuna aliyepiga makofi.

Mama Pacha hakushukuru. Alimhamishia mtoto bega la pili, akauliza polepole, "Kocha, na kama hawa leo wasingekuwa na njaa?"

Nilidhani atatuletea ile ya uwanjani sina ndugu.

"Ningekuacha nje," akasema.

Binti akampokea Mama Pacha mtoto mmoja. "Twende, dada, nikusindikize." Wakapita mbele ya mjomba bila kumuaga, nasi tukafuata, na Bwana Haki akabaki kung'oa vibendera peke yake.