Sauti ya Bi Chandrika Ndani ya Kompyuta Kuukuu

Miaka mitatu baada ya mwili wa mama yake kuchomwa kwa desturi ya Kihindu, Nirali alimsikia akiita kutoka jikoni.

"Baba Kalpesh! Dawa!"

Mchana kweupe. Kariakoo, ghorofa ya tatu, huku chini wamachinga wakinadi vitenge kwa spika.

Akasimama ghafla mlangoni. Maana sauti hiyo aliiua yeye mwenyewe, wiki iliyopita.

Iko hivi.

Kisukari kilimpofusha baba yake, Mzee Mansukhlal. Bi Chandrika alipoanza kuugua, alijua mumewe atasahau dawa. Kalpesh, kaka yake Nirali, akamrekodi mama na kutengeneza kijiprogramu kwenye kompyuta ya nyumbani. Saa ya dawa ikifika, mama anaita.

Akafa. Akaendelea kuita.

Kompyuta ikazeeka. Kila ukiiwasha, tangazo: prosesa za aina hii hazihudumiwi tena, hamia toleo jipya. Nirali akachoka na yale makelele, akabonyeza "kubali" na kulazimisha toleo jipya.

Ikazima. Haikuwaka tena.

Nurdin, fundi kompyuta wa mtaa wa pili, aliikagua akatikisa kichwa.

"Dada, toleo jipya halizitambui prosesa hizi za zamani. Na limeshafuta kila kitu."

"Hata sauti?"

"Hata sauti."

Kalpesh huko ughaibuni naye hakuwa na nakala.

Mzee hakulalamika. Alikaa ameelekeza uso kwenye meza tupu, akiita kwa sauti ndogo, "Chandrika? Chandrika?" Nirali akimpigia simu kutoka kazini Posta kumkumbusha dawa, anapokea, anakata.

Sasa leo kichwa kimemuuma, karudi mapema, na mama anaita. Kompyuta yenyewe bado iko kwa Nurdin!

"Haya, Mama Kalpesh, nakunywa," mzee akajibu, akipapasa vidonge.

Nirali akaenda jikoni.

Hamna mtu.

Akachungulia kwenye matofali ya matundu yanayotazamana na jiko la jirani. Kule ng'ambo alisimama Bi Shamsa, mdomo kwenye tundu, amebana pua kwa vidole viwili ili aigize sauti ya marehemu.

Wakatazamana.

"Shikamoo," ndilo neno pekee lililomtoka Nirali.

"Marahaba," Bi Shamsa akanong'ona, machozi yanamlenga. "Siku mbili nilimsikia mzee anamwita marehemu, haitikiwi. Moyo ukanishinda. Usimwambie, mwanangu."

Nirali akarudi sebuleni analia kimyakimya. Baba yake akageuza uso.

"Umemkuta Shamsa?"

"Baba! Kumbe unajua?"

"Mama yako alikuwa ananifokea. Huyu ananibembeleza." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamfia mdomoni. "Usimwambie kama najua. Ataona haya, ataacha. Na nyumba hii ikinyamaza, Nirali, mimi sina pa kutazama."

Mpaka leo Bi Shamsa anaita, mzee anaitika, na Nirali anatunza siri za pande zote mbili. Kila akisikia mwito ule, anasimama kwanza. Sauti yenyewe ya mama haikupatikana.

Wewe unayesoma hapa, mashine yako ikishatelekezwa na walioitengeneza, hawatakuuliza ndani yake kuna nani. Kama kuna sauti ya mtu wako, itoe leo, hata kwa kuirekodi na simu.

Ndipo ubonyeze "kubali".